Pointi Haina Shangazi

Ukipita mtaani kwetu Pasua Jumatatu saa tatu asubuhi ukakuta wanaume wazima wamejazana mbele ya kibanda changu cha ushonaji, usidhani wamefuata suruali. Suruali zao ziko kabatini mwangu tangu juzi na jana, wala hawazikumbuki. Wamefuata ubao. Ni ubao mweusi wa shule, umepigiliwa ukutani upande wa kushoto wa mlango, na mwenyewe ni mzee mmoja anayeshuka kutoka mlimani, kijiji cha Kilema, na chaki zake mwenyewe. Sote tunamwita Karani. Alizaliwa mwaka gani, mtoto wa nani, ukoo upi, hayo kawaulize wa kwao. Mimi natoka kijiji kimoja naye na ningeweza kujua, lakini sijawahi kuuliza. Nitasema niliyoyaona kwa miaka kumi na minne tangu aje kuniomba ukuta.

Ndiyo, aliniomba ukuta. Nimeombwa chumvi, nimeombwa kiti cha msibani, lakini ukuta ilikuwa mara ya kwanza. Alisimama pale nje akautazama, akaupigapiga kwa kiganja, akasema, "Fundi, huu ukuta wako haufanyi kazi yoyote. Nipe mimi niupe kazi." Nikacheka, na ukishacheka na Karani umekwisha. Wiki iliyofuata akaja na ubao, misumari na msimamo wa ligi.

Ligi yenyewe ni yetu sisi, timu kumi, nyingine za mjini na nyingine za mlimani. Wapo bodaboda wa hapa Pasua, wapo wabeba mizigo wa mlimani, wapo walimu, wapo wauza mitumba, na ipo timu ya kijijini kwetu ambayo nahodha wake ni kaka yangu, mwongoza watalii. Wanacheza Jumamosi na Jumapili. Jumatatu Karani anaandika nani yuko juu na nani yuko chini, na mji mzima hautulii mpaka aandike.

Jina la Karani alilipata kwenye mizani. Miaka mingi alikuwa karani wa kupima kahawa pale kijijini, na unajua mkulima wa kahawa: hata malaika akishika mizani, mkulima atasema kilo zake zimepungua. "Nimetazamwa mikono maisha yangu yote, Fundi," aliniambia siku moja. "Mpaka mikono yenyewe ikaanza kuona aibu." Ndiyo maana alitaka ubao uwe nje, barabarani, kila mtu aone. Namba zinazokaa ndani ya daftari peke yake alikuwa akiziita namba za gizani.

Ungemwona anavyoandika. Kwanza anafuta ubao wote kwa leso yake, hata kama kilichobadilika ni mstari mmoja. Halafu anaazima rula yangu ndefu ya kukatia vitambaa, anachora mistari, anarudi nyuma hatua tatu, anaona mstari mmoja umepinda upana wa sindano, anafuta tena. Watu wanalalamika, "Karani, tuna kazi!" Naye anajibu, "Kama mna kazi, nendeni." Hakuna anayekwenda. Na anaanzia chini. Timu inayoshika mkia ndiyo anayoiandika kwanza, kwa herufi nzuri kuliko zote. Nilipomuuliza sababu akaniambia, "Wa kwanza watu watamtafuta wenyewe. Huyu wa mwisho nisipomwandika vizuri, nani atamtazama?"

Akimaliza, anajumlisha. Magoli yote ya kufunga ya timu kumi, kisha magoli yote ya kufungwa. Lazima yalingane. "Kila goli lina wazazi wawili," husema. "Aliyefunga na aliyefungwa. Ukikuta goli la mzazi mmoja, ujue kuna uongo hapo." Yakilingana anapiga nukta moja kubwa kwenye kona ya ubao. Bila ile nukta, hata uje na refa na mchungaji, msimamo si rasmi.

Wa mjini hupenda kutania kwamba mzee ana msimamo wa ligi na msimamo wa ndoa ya kanisani, yote miwili haivunjiki. Kweli. Mwaka mmoja wapinzani wa timu yetu walichelewa kufika uwanjani kwa robo saa, gari lao lilikwama kwenye tope. Kaka yangu alitaka apewe pointi tatu za bure. Alikuja hapa kibandani na maneno matamu, akamwita Karani "meku", kama tunavyomwita babu nyumbani, akataja na undugu wa mbali kati ya ukoo wake na wetu. Karani aliendelea kuchonga chaki kwa wembe. Mwishowe akasema, "Mwanangu, ukikosea nyumbani, shangazi yako anakuja kukuombea kwa baba, na baba analegea. Sasa sikiliza. Pointi haina shangazi." Watu waliangua kicheko mpaka nikadondosha sindano. Tangu siku hiyo Pasua yote inasema hivyo, hata mtu akinyimwa maandazi ya mkopo.

Usije ukadhani ni mtakatifu. Thubutu! Kwenye drafti, Karani ni mwizi wa mchana kweupe. Nimemwona kwa macho yangu akisogeza kete kwa kiwiko huku akikuuliza habari za mama yako. Ukimkamata hakatai, anasema, "Usingeona, ningekusikitikia." Umri wake hautaji sawa mara mbili. Kanisani husinzia mahubiri yote, lakini namba ya wimbo ikitajwa tu macho yanafunguka, maana ni namba. Nikamwambia siku moja, "Karani, mtu mwaminifu ubaoni na mwizi kwenye drafti, hiyo imekaaje?" Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Drafti ni mchezo, Fundi."

Kubwa kuliko yote: mpira hautazami. Anakwenda uwanjani, anakaa kwenye kigoda, anageuzia uwanja mgongo. Kelele zikipigwa anauliza, "Nani?" Anaambiwa. "Dakika ya ngapi?" Anaambiwa. Anaandika kwenye daftari dogo. Ukimuuliza kwa nini hageuki anasema akitazama atapenda, na akipenda atakosea. Nilidhani ni maringo ya uzee. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa anaijua hatari yake mwenyewe kuliko sisi.

Sasa nije kwenye habari ya fimbo. Kaka yangu alipandisha mgeni mmoja mlimani, na kwenye kuagana mgeni akamwachia fimbo ndefu yenye kiwavu mbele, kama ya kuvulia vipepeo. Kumbe kwao kuna mchezo unaitwa lakrosi, wanarushiana mpira mdogo kwa fimbo hizo, na kuna ligi kabisa ya wachezaji wanaolipwa. Kaka akaniletea hadithi hiyo kibandani akanionyesha kwenye simu. Mimi nilitazama mara moja nikarudi kwenye pindo langu. Karani aliikamata simu kwa mikono miwili. Hakuona fimbo, hakuona mpira. Aliona msimamo.

Kuanzia hapo, kila Jumatatu akishapiga nukta yake, ananiambia, "Fundi, nifungulie ule wa fimbo." Nafungua. Anavaa miwani, ananakili kwenye daftari, timu zote, za kushinda ngapi, za kushindwa ngapi, huku akiguna. Majina ya timu alikuwa akiyasoma kwa lafudhi ya Kichagga mpaka yanakuwa kama majina ya vijiji vya jirani. Kaka alijaribu kumwonyesha video ya mchezo wenyewe. Akaisukuma simu. "Usiniharibie," alisema.

Kilichomshangaza ni kwamba ule msimamo hauna sare. Alitafuta safu ya sare juu na chini. "Hawa watu hawana sare kabisa?" Kaka akamweleza wakilingana wanaongezwa muda mpaka mmoja afunge. Karani alivua miwani. "Wanaishije?" akauliza. "Yaani hakuna siku mnarudi nyumbani wote mmeridhika?" Na kulikuwa na timu moja iliyokuwa imeshindwa karibu mechi zote. Hiyo aliihurumia kama mgonjwa wa jirani. Akiingia tu, kabla ya chai, "Wale wa mwisho wanaendeleaje?"

Lakini kuna kitu kingine alikiona kule. Wale wa fimbo, wakimaliza msimu wa kawaida, wa kwanza hachukui kombe hapo hapo. Timu za juu zinaingia kwenye mtoano, na bingwa anapatikana huko. Jambo hilo lilimwingia. Ligi yetu ilikuwa na ugonjwa: kufikia nusu ya msimu wauza mitumba wamekimbia na pointi zao, wengine tunacheza kutimiza wajibu tu. Karani akaenda kwenye kikao cha ligi akasema wanne wa juu waingie mtoano. Wakakubali. Na hapo ndipo nafasi ya nne ikawa dhahabu, na kijiji chetu, ambacho tangu ligi ianze kilikuwa cha tano au cha sita kama mtu aliyeandikiwa, kikaanza kuota ndoto.

Loo, ule msimu! Kaka yangu hakuwa analala. Mama zetu kule juu, ambao hawajui hata kona ni nini, walikuwa wananipigia simu Jumatatu: "Ameandikaje?" Mechi za mwisho zilipoisha Jumapili, kila mtu alishapiga hesabu kwenye ubao. Sisi na bodaboda tumelingana pointi. Tofauti ya magoli, sisi nane, wao saba. Sisi ni wa nne! Jumatatu alfajiri kijijini walichinja mbuzi, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imekwisha kuiva tangu Ijumaa kwa imani tu. Karani alishuka Pasua kama kawaida, akaandika, akajumlisha, yakalingana, akapiga nukta. Nukta ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko zote. Niliiona. Nikafurahi kumwona amefurahi.

Ndipo akatokea Mama Kipa.

Mama Kipa ni muuza ndizi wa hapa Pasua, na mwanawe ni kipa wa timu ya walimu, iliyokuwa inashika mkia. Alitua mkungu wake chini, akausoma ubao, akashika kiuno.

"Karani, shikamoo. Umemwongezea mwanangu magoli mawili."

"Marahaba mama. Nimemwongezea?"

"Umeandika amefungwa arobaini na moja. Mwanangu amefungwa thelathini na tisa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bodaboda mmoja akamwambia, "Mama, kwenye arobaini mawili ni nini? Hiyo si chumvi tu?"

"Wewe nyamaza," alisema Mama Kipa. "Hujazaa kipa. Mimi nimeyalia yote, moja moja. Ni thelathini na tisa."

Karani hakucheka. Alitoa daftari, akakaa kwenye stuli yangu, akaanza kurudi nyuma kurasa kwa kurasa. Watu wakachoka kusubiri wakatawanyika. Nilikuwa napiga cherehani lakini jicho liko kwake, na nikaona kidole kimesimama. Nikaacha kushona.

Ilikuwa mechi ya ukungu. Kati ya msimu timu yetu iliwakaribisha walimu kule Kilema, tukawa tunaongoza mbili bila, ukungu ukashuka mpaka kipa hawezi kuona mikono yake, refa akavunja mchezo. Mechi iliyoahirishwa sisi tunaiita kiporo, na sheria yetu ni kwamba kiporo kinaliwa pale kilipoachwa: dakika zilizobaki zilichezwa Jumatano, ikaisha tatu bila. Karani siku ya ukungu aliandika magoli mawili, maana kwake goli likiingia limeingia. Pointi hakutoa, mechi haijaisha. Jumatano akaandika matatu. Hakukumbuka kwamba yale mawili yalikuwa ndani ya matatu. Na kwa kuwa alituongezea sisi mawili ya kufunga na walimu mawili ya kufungwa, jumla zake zililingana kila wiki, na kila wiki akapiga nukta.

"Nimepakua kiporo mara mbili," alisema.

Nilifanya hesabu kichwani, na moyo ukanishuka mpaka kwenye pedali. Ukitoa mawili, tofauti yetu ni sita. Bodaboda saba. Sisi ni wa tano.

Nitasema ukweli, maana yeye alisema. Nilitazama huku na huku. Tulikuwa watatu tu: mimi, yeye na Mama Kipa, ambaye alikuwa anauza ndizi pembeni na alichotaka ni mwanawe apunguziwe tu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Karani, mpunguzie huyu mama mawili yake. Sisi tuachie yetu. Nani atajua? Mbuzi kashachinjwa."

"Halafu goli libaki na mzazi mmoja?"

"Karani, ni kijiji chako!"

"Ndiyo maana nimekosea," alisema. Alikuwa na machozi. "Siku ya ukungu niligeuka, Fundi. Nikasema ukungu huu, siwezi kuona kitu, acha nigeuke mara moja tu. Nikaliona lile la pili. Lilikuwa zuri mno."

Akasimama, akafuta ubao wote, akachora upya kwa rula yangu. Nilifunga kibanda, nikapanda naye Kilema. Sikutaka afike peke yake.

Tulikuta moshi wa nyama na ngoma. Kabla ya kuingia uwanjani Karani alichepuka kwenye mpaka wa shamba, akachuma jani la sale, lile refu la kijani tunalopandia mipaka. Kwetu mtu akikuletea sale kuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa, hata awe amekuua nusu. Alilishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya timu nzima, akaeleza kila kitu: ukungu, kiporo, mawili, matatu. Ngoma ilikufa. Bibi mmoja akauliza, "Kwa hiyo mbuzi tunamrudisha?" Hakuna aliyecheka.

Kaka yangu, kwa kuwa ni nahodha, alilipokea jani. Hakuwa na njia nyingine. Lakini sale inakulazimisha kusamehe, haikulazimishi kumpa mtu kibuyu cha mbege. Karani alisimama pale na mikono mitupu, hakuna aliyemkaribisha kiti, mpaka akaaga mwenyewe akaenda zake. Jumamosi bodaboda waliingia mtoano wakafungwa nne bila, na kijiji kikasema, unaona tulitolewa kwa ajili ya nani. Kaka akikutana naye njiani alikuwa anampita kimya. Hampi shikamoo. Mzee wa umri ule, na kaka yangu ni mtu aliyelelewa! Nilimgombeza, nikagombana naye mpaka tukaacha kupigiana simu.

Karani naye hakushuka tena. Ubao ulibaki na ule msimamo wa mwisho, na mimi sikuruhusu mtu aufute. Hakuna aliyemfukuza. Nilipompelekea salamu alinijibu kwamba mizani ikidanganya mara moja inaondolewa kituoni, yeye ndivyo alivyofundishwa. Jumatatu zikawa siku za kushona tu. Watu walikumbuka suruali zao, nikapata kazi nyingi, na sikuwahi kuchukia kazi kama miezi ile.

Wiki iliyopita kilikaliwa kikao cha msimu mpya, mjini, kwenye darasa la shule. Nilikuwepo kwa sababu jezi nashona mimi. Ikafika ajenda ya nani atatunza msimamo. Mmoja akasema tutumie simu, mwingine akasema achukuliwe mtu wa nje asiye na timu. Kaka yangu akanyoosha mkono. Nikainamisha kichwa, nikajua anakwenda kumzika mzee kabisa.

"Sisi tunamtaka Karani," alisema. "Alitupendelea bila kujua, akapanda mwenyewe mpaka kwetu kutunyang'anya, wakati nyama iko motoni. Nani hapa ana mtu wa namna hiyo kwao? Kama hamna, tupige kura."

Juzi Jumamosi nikampandia. Nilimkuta kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani la kurithi, anapogoa kahawa. Alikuwa amekonda, lakini leso iko shingoni na ubishi uko palepale, maana kabla sijakaa aliniambia sindano ya cherehani langu imepinda, ameisikia kwenye sauti yangu. Nikamsalimia, akaitikia, nikamwambia, "Karani, wamekuchagua tena."

"Nani?"

"Wote. Kura kumi."

"Kumi kati ya ngapi?"

"Kumi kati ya kumi, baba."

"Na wa kwetu?"

"Wa kwetu ndio walioleta jina."

Mkasi wa kupogolea ulimponyoka. Alikaa chini palepale kwenye majani makavu, akalia, na mimi nikalia, watu wazima wawili katikati ya kahawa. Alipotulia akanyoosha kidole kwenye migomba karibu na njia. "Na yule aliyejificha pale ni nani?"

"Kaka yangu. Anaona aibu kuingia."

"Mwite."

Kaka alikuja polepole, mtu anayepandisha wageni mpaka kileleni lakini hatua ishirini za kihamba zinamshinda. Alisimama mbele ya mzee, akavua kofia.

"Shikamoo, Karani."

Karani alijifuta uso kwa leso, taratibu, kona zote.

"Marahaba, baba," alisema. "Msimu huu fungeni magoli ya kutosha, nisipate pa kukosea."